Samaki wa Naivasha Anakula Nini? Usiulize Tumbo, Uliza Nyama

Wiki hii nawatoa baharini kidogo, nawapandisha bara mpaka Mai Mahiu, kisha inshallah nitawarudisha pwani salama. Nina jambo nimelibeba kutoka huko, na naona linatuhusu sisi watu wa samaki kuliko linavyowahusu wenyewe wa bondeni.

Nilikwenda na ami yangu kumtembelea mwanawe, ambaye kwangu ni ndugu. Tulipanda treni ya SGR pale Miritini asubuhi, tukashuka Nairobi, kisha tukachukua matatu inayoteremka Bonde la Ufa kwa ile barabara ya zamani, inayopita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kitaliano mwaka 1942. Ukifika chini unauona mlima Longonot umesimama mbele yako, malori yamejipanga kando ya barabara kama ngalawa ufuoni, na upepo wa huko hauna huruma na mtu wa Mombasa. Mji wenyewe haujasahau mafuriko ya Aprili 29, 2024 yaliyoondoka na makumi ya watu. Lakini watu wamerudi kazini, na biashara ya kuwalisha madereva haijalala.

Ndugu yangu ni dereva wa malori ya masafa. Mkewe, shemeji yangu, ni mzaliwa wa huko huko, na ana kibanda cha samaki wa kukaanga kwenye barabara ya kwenda Narok. Samaki anawatoa ziwa Naivasha, mwendo usiofika saa moja kwa matatu. Wengi wao ni aina ya kapu. Si kapu la kwenda nalo sokoni. Hilo ndilo jina lake, na ni samaki mnene, mwenye magamba makubwa na miiba mingi.

Usiku ule baada ya Magharibi shemeji akatuletea sinia la wali na kapu wa kupaka, kwa nazi tulizobeba sisi wenyewe kutoka Mombasa. Ami akanawa, akapiga bismillahi, halafu mkono ukasimama hewani.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "huyu samaki wa ziwani si ndiye wanayesema anakula mavi ya viboko?"

Shemeji akalisikia. Hakukasirika. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akasema, "Baba, hilo neno ndilo linaloniulia biashara. Kuna dereva alilisema pale kibandani mbele ya wateja, na tangu siku hiyo wako wanaopita wananiamkia tu. Ukiniuliza kama ni kweli, mimi sijui. Na aliyesema pia hajui."

Ndugu zangu, maneno hayo ya mwisho yamenikaa. Kibanda kile ndicho kinacholipa karo ya watoto wanapokuwa baba yao yuko njiani kuelekea Malaba. Na neno moja la mtu asiyejua linatosha kukifunga. Nikajiuliza: hivi kuna njia ya kujua kwa hakika samaki amekula nini? Njia iko. Na mimi mwenye diploma yangu ya maabara, niliyesomea kupima damu na mkojo wa binadamu, nilirudi Mombasa nikakaa wiki mbili nikisoma mpaka nikaielewa. Leo nakueleza nilichokielewa.

Swali la zamani sana

Kwetu Waislamu swali la mnyama kala nini si geni. Vitabu vya fiqhi vinamtaja jallala, mnyama anayeishi kwa kula najisi mpaka nyama yake ikabadilika. Ndiyo maana bibi zetu, akiletwa kuku wa jaani, hawakumchinja siku hiyo hiyo. Walimfungia ndani, wakampa pumba na mahindi siku tatu, ndipo kisu kikatoka. Kwa hiyo ami alikuwa na haki ya kuuliza. Tatizo lilikuwa nani wa kumjibu.

Njia ya kwanza ya kujua mnyama anakula nini ni kumtazama akila. Kwa mbuzi inawezekana. Kwa samaki aliye chini ya maji yenye tope, au ndege anayepiga mbizi katikati ya bahari, utatazama nini?

Njia ya pili ni kumpasua tumbo. Mvuvi yeyote wa Old Town anaijua. Lakini tumbo lina kasoro mbili. Kwanza, linakueleza mlo wa mwisho tu. Mtu akikukuta unakula biriani siku ya harusi asije akaandika kwamba wewe kila siku ni biriani. Pili, tumbo husahau vitu laini na kukumbuka vigumu. Mwani na minyoo husagika upesi, lakini gamba la kaa na mwiba hubaki. Ukihesabu yaliyobaki utadhani samaki anaishi kwa magamba.

Njia ya tatu ni kuiuliza nyama yenyewe. Kila atomu iliyo ndani ya mwili wako iliingia kwa mdomo au kwa pumzi. Nyama ni chakula cha jana kilichojengwa upya, na chakula hakipotezi alama yake yote kwa kuwa kimekuwa nyama. Alama hiyo ndiyo wanasayansi wanaisoma kwa kupima isotopu thabiti.

Mapacha wawili, mmoja mzito

Usiogope jina. Kaboni, ambayo ndiyo msingi wa kila kilicho hai, huja kwa sura ya mapacha. Wanafanana tabia, lakini mmoja ana uzito wa 12 na mwingine ana uzito wa 13, kwa kuwa wa pili amebeba chembe moja ya nyutroni zaidi. Katika kila atomu 100 za kaboni, kama 99 ni nyepesi na moja tu ni nzito. Zinaitwa thabiti kwa sababu hazioozi wala hazitoi mionzi. Ziko mwilini mwako sasa hivi na hazikudhuru. Naitrojeni, ambayo ndiyo inayoifanya protini iwe protini, nayo ina mapacha wake, wa 14 na wa 15, na huyo mzito ni adimu zaidi, hafiki hata mmoja katika 200.

Sasa, mbona kiasi cha mzito kikueleze chakula? Kwa sababu mimea haili hewa kwa namna moja. Fikiria kivuko cha Likoni. Watu wanapokuwa kwenye uwanja wazi na wanaruhusiwa kurudi nyuma, feri ikifika wasio na mizigo wanachomoka mbele, na mwenye gunia kichwani anaachwa. Hivyo ndivyo inavyofanya mimea mingi: miti, mpunga, ngano, muhogo, maharagwe, mnazi. Hewa ya kaboni inaingia na kutoka kwenye jani, na mmea unapoichukua kutengeneza sukari, nyepesi inatangulia na nzito inaachwa kwa wingi.

Lakini kuna mimea mingine, kama mahindi, mtama, muwa na nyasi nyingi za nchi za joto. Hii hufanya kama lile eneo la kungojea feri likishafungwa mageti. Aliyeingia ameingia, harudi. Mwishowe wote watapanda, mwenye mzigo na asiye na mzigo. Kwa hiyo mimea hii inabaki na kaboni nzito zaidi. Tofauti baina ya makundi haya mawili ni kama sehemu 15 kwa elfu. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini kwa mashine ya kupima uzito wa atomu ni kama tofauti ya usiku na mchana.

Naitrojeni ina kazi nyingine. Mwili unapotumia protini, hutoa taka kwa njia ya mkojo, na katika kutoa huko naitrojeni nyepesi hutoka kwa urahisi zaidi. Ni kama kuchuja tui: jepesi linapita, zito linabaki kwenye chujio. Kwa hiyo mla majani ana naitrojeni nzito kuliko majani, na mla nyama ana nzito kuliko mla majani. Kila ngazi ya kuliwa huongeza kama sehemu 3 mpaka 4 kwa elfu. Kaboni inakuonyesha chakula kilianzia kwenye mmea gani, na naitrojeni inakuonyesha mlaji amekaa ngazi ya ngapi.

Ukinichukua mimi na ndugu yangu wa Mai Mahiu tuko tofauti, ingawa babu yetu ni mmoja. Yeye mlo wake ni sima ya mahindi, nyama ya ng'ombe aliyelishwa nyasi na chai yenye sukari ya miwa. Mimi ni wali, chapati, muhogo na samaki wa bahari. Unywele mmoja wa kila mmoja ungetosha kututenganisha.

Simba wa Tsavo na hesabu ya waliowala

Msije mkadhani haya ni ya maabara za mbali tu. Treni inayotupeleka Nairobi inavuka Tsavo, na hakuna mtoto wa pwani asiyejua hadithi ya wale simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Aliyewaua, John Patterson, alitaja baadaye idadi ya watu 135. Ngozi za simba hao zilitandikwa sakafuni kama zulia kwa miaka 25, mpaka zikauzwa mwaka 1924 kwa Field Museum ya Chicago, zilipo mpaka leo.

Mwaka 2009 kundi la watafiti walichapisha matokeo ya kupima isotopu za simba hao. Walichukua vipande vya mifupa na manyoya. Hapa ndipo penye siri kubwa ya elimu hii: kila sehemu ya mwili ina kumbukumbu ya muda wake. Mfupa hujengwa polepole, kwa hiyo unaeleza mlo wa miaka. Unywele ukishaota haubadiliki tena, kwa hiyo unaeleza miezi ulipokuwa ukikua. Wakalinganisha alama hizo na za wanyama wa Tsavo na za mabaki ya watu wa eneo hilo.

Mifupa ilionyesha kwamba kwa miaka mingi simba hao walikula wanyama kama simba wengine. Manyoya yakaonyesha kuwa katika miezi ya mwisho mmoja wao aligeuka: karibu asilimia 30 ya mlo wake ulikuwa watu. Mwenzake, waliyekuwa wakiwinda pamoja, alikula watu kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hesabu yao, wa kwanza alikula kama watu 24 na wa pili kama 11, jumla 35. Wenyewe wakasema wazi kwamba hesabu ina upana, inaweza kuwa 4 au ikafika 72. Lakini 135 haikubaliki kwa ushahidi huu. Simba waliokufa miaka mia na zaidi bado walikuwa wakitoa ushahidi, na ushahidi wao ukamrekebisha aliyewaua.

Ndovu naye ametoa ushahidi hivyo hivyo. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya ndovu dume wa Samburu aliyekuwa na kifaa cha kumfuatilia shingoni. Wakati wa kiangazi alikuwa akipanda kwenye msitu wa upande wa Mlima Kenya. Nyasi za malisho zilikuwa zimekauka na msitu ni wa miti, lakini unywele wa mkia wake ukaonyesha kaboni nzito. Ameipata wapi? Maelezo yaliyowaelea watafiti ni kwamba usiku alikuwa akitoka kuiba mahindi ya wakulima.

Bata wa baharini na yai lake

Waliokomaa sana katika mbinu hii ni watu wa ndege, na mfano wao mzuri ni bata wa baharini. Sisi hatuna ndege hao. Wanaishi kwenye bahari za baridi za kaskazini, wanapiga mbizi kutafuta kome na wadudu wa sakafu ya bahari, na wakati wa kutaga wanaruka kwenda nchi kavu, kwenye vidimbwi vya maji baridi. Utamfuata wapi umwone akila?

Hufuatwi ndege, huchukuliwa kidogo chake. Ute wa damu unaeleza siku chache zilizopita. Chembe nyekundu za damu zinaeleza wiki kadhaa. Unyoya unaeleza mahali na mlo wa wakati ulipoota, hata kama ni miezi sita iliyopita na maelfu ya kilomita mbali. Na chakula cha bahari kina kaboni na naitrojeni nzito kuliko chakula cha vidimbwi, basi hawachanganyiki.

Huko Alaska kulikuwa na swali: bata jike aitwaye eida mfalme, anapotaga, protini ya yai anaitoa wapi? Ni akiba aliyoibeba mwilini kutoka baharini, au ni chakula anachokipata palepale kwenye kiota? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa sehemu kubwa inatoka palepale, kwenye vidimbwi. Unaweza kusema, yai la bata linatuhusu nini? Linahusu hivi: kama unataka bata hao wasiishe, lazima ujue ulinde nini. Ukiilinda bahari pekee na ukaacha vidimbwi vikaharibiwa, umefunga mlango ukaacha dirisha wazi.

Turudi Naivasha

Ziwa Naivasha lina historia ya wageni. Samaki wake mdogo wa asili alitoweka. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Samaki aina ya besi aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu wapenda kuvua kwa ndoano. Kamba wa maji baridi, mwekundu, mwenye asili ya Louisiana, aliletwa kutoka Uganda mwaka 1970 ili afanyiwe biashara. Kapu alionekana mwaka 2001, hakupandwa ziwani kwa makusudi, na haikuchukua miaka mingi akawa ndiye anayejaza nyavu. Kila mgeni akija, yungiyungi na mimea ya chini ya maji inapopungua, watu huuliza: nani aliyekula?

Kisha kuna kiboko. Huyu kazi yake ni moja: usiku anatoka kwenda malishoni, anakula nyasi kama kilo 40, mchana anarudi majini, na huko ndiko anakojisaidia. Kila siku iendayo kwa Mungu, nyasi za nchi kavu zinaingia ziwani kupitia tumbo la kiboko. Watafiti Jonathan Grey na David Harper walichapisha mwaka 2002 kazi ya kutumia isotopu kuufuatilia mzigo huo ziwani. Inawezekana kwa sababu nyasi za ufuoni zina kaboni nzito, za kundi la mahindi, wakati mwani wa ziwani una alama nyingine.

Mwaka 2012 Grey na Michelle Jackson wakatoa kisa cha kamba. Maji ya ziwa yalikuwa yamepungua, mimea ya majini ni haba. Kiboko akipita kwenye tope la ufuoni anaacha nyayo zenye kina, zinajaa maji, na ndani ya nyayo hizo wakakuta kamba wamehamia. Kila unyayo umekuwa kisima na nyumba. Walipopima nyama zao, kamba wa ndani ya ziwa walionekana kuishi kwa chakula cha ziwani, na kamba wa kwenye nyayo walikuwa wamekula kwa wingi mimea ya nchi kavu. Na watafiti wenyewe waliwaona wakila majani. Kamba, mnyama wa majini, anachunga nyasi kama mbuzi! Nani angeliamini bila ya nyama kusema?

Basi nikirudi kwenye sinia la shemeji: je, kapu anakula mavi ya kiboko? Kapu kwa tabia yake ni samaki wa kuchimba. Anaingiza mdomo kwenye tope akitafuta minyoo, viluwiluwi vya wadudu na mabaki ya mimea. Samadi ya kiboko ni nyasi zilizosagwa, inazama kwenye tope hilo hilo, na wadudu wanaila. Kwa hiyo kaboni ya nyasi inaweza kupanda kutoka kwa kiboko, ikapita kwa mdudu, ikafika kwa samaki. Lakini huo si ulaji wa mavi kwa maana aliyoikusudia yule dereva. Mchicha wa shambani unapandwa kwa samadi ya ng'ombe, na hakuna aliyewahi kukataa mchicha kwa sababu hiyo. Na huyo mdudu ndiye mlo wa samaki wengi wa maji baridi duniani, wakiwemo wanaouzwa kwa bei ghali.

Hukumu ya sharia nawaachia masheikh, wala sitii mguu wangu hapo. Ila nimeona kitu kizuri. Yule kuku wa siku tatu, ukimpima isotopu, nyama yake bado itakumbuka alichokula jaani, kwa maana nyama hubadilika kwa wiki na miezi. Siku tatu husafisha matumbo na kuondoa harufu. Kwa hiyo fiqhi na mashine haziulizi swali moja. Fiqhi inauliza: je, uchafu umebadilisha nyama, harufu na ladha yake? Mashine inauliza: atomu hizi zilianzia wapi? Mtu asichukue jibu la moja akalipachika kwenye swali la nyingine.

Nyama isichoweza kukuambia

Na hapa lazima niseme ukweli, nisije nikawauzia dawa ya kila ugonjwa. Isotopu hizi zina mipaka. Vyakula viwili vyenye alama moja hazivitenganishi: aliyekula mahindi na aliyekula mtama wanafanana. Pale Naivasha penyewe mafunjo ya ufuoni yako kundi moja na nyasi, kwa hiyo mtafiti asiyepima kila kitu kilichopo mezani anaweza kumsingizia kiboko kwa kosa la mafunjo.

Pili, na hili ndilo kubwa, isotopu za kaboni na naitrojeni zinakueleza asili ya chakula. Hazikuelezi usafi wake. Kama wasiwasi wako ni risasi, zebaki, dawa za mashamba ya maua au vijidudu vya kipindupindu, hizo zina vipimo vyao. Mteja wa shemeji anayesema "samaki huyu ni mchafu" amechanganya maswali matatu: anakula nini, ana sumu gani, na je, ni halali. Kila moja lina mtu wake wa kujibu.

Lakini kuna jambo moja ambalo naitrojeni inalijua, na hili linatugusa sisi. Maji ya vyoo vya binadamu, yakikaa na kuoza, mara nyingi hubaki na naitrojeni nzito. Yakiingia kwenye hori la bahari, mwani unaichukua, chaza anaichukua, samaki anaichukua. Sehemu nyingi duniani wanapima mwani na kome ili kujua maji ya choo yamefika mpaka wapi. Sisi tunayo Mikindani, ambako mikoko kwa miaka inapokea maji machafu ya mji, na ng'ambo yake kuna watu wanavua, wanauza na wanakula. Tunalaumiana kwa maneno: huyu anasema samaki wa Tudor halii, yule anasema ni fitina ya wauzaji wa Kongowea. Kama shemeji wa Mai Mahiu anavyouliwa biashara kwa neno, ndivyo na mama zetu wanaotembeza beseni.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, makao yake makuu yako hapa hapa Mkomani, na ina kituo chake Naivasha pia. Wataalamu tunao. Tunachokosa ni matokeo kushuka chini, yakaandikwa kwa Kiswahili chepesi, yakabandikwa pale samaki wanaposhushiwa: samaki wa hapa amepimwa lini, kwa kitu gani, na ameonekana vipi. Kama ni salama tujue, muuzaji auze kwa amani. Kama si salama pia tujue, na aliyemwaga uchafu aulizwe, si aliyevua. Hili nawaomba serikali za kaunti, Nakuru na Mombasa, walifikirie. Si mradi wa mabilioni. Ni karatasi ukutani.

Mtaniuliza sinia la usiku ule liliishaje. Mimi nilikula, na nilikula vizuri; nazi ya kwetu na samaki wa kwao walielewana. Ami hakumgusa samaki. Alikula wali na mchuzi wa nazi uliowekwa kando, akamshukuru shemeji kwa heshima zote. Lakini asubuhi, tulipokuwa tunaondoka, alisimama pale kibandani. Dereva mmoja alikuwa akimuuliza shemeji kwa kejeli kama samaki wake ni wale wa kiboko. Ami akamgeukia, akamwambia, "Mwanangu, umemwona akila? Kama hukumwona, usiseme."

Dereva akanyamaza. Akaagiza kipande kimoja, cha mkiani.

Wallahu aalam. Tukutane wiki ijayo, inshallah.